Unawasemesha Kiholanzi, wanakujibu Kiingereza

Duka la mikate mjini Utrecht, Jumamosi asubuhi, foleni imefika mlangoni. Zamu ni ya mteja mgeni. Sentensi yake ameiandaa tangu nyumbani: "Mag ik een half volkoren, alstublieft?" Naomba nusu mkate wa ngano isiyokobolewa. Imetoka safi, bila kikwazo. Muuzaji anauliza neno moja tu: "Gesneden?"

Mteja anasita kwa pumzi moja. Muuzaji anatabasamu na kuliuliza tena swali lake, sasa kwa Kiingereza: ukatwe vipande?

Mkate unakatwa, kadi inagusishwa kwenye mashine, mteja anatoka. Mazungumzo ya Kiholanzi yamedumu sentensi moja.

Jambo hili hutokea kila siku Amsterdam, Delft na Wageningen, na kwa namna ileile Stockholm na Copenhagen. Swali lake limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu wanaosema "usijisumbue" wana hoja yenye nguvu kuliko tunavyopenda kukubali. Ya nini kutoa mamia ya saa kwa lugha ambayo wenyewe huiweka kando mara tu wanapokuona?

## Hawakudharau

Tuanze na kinachotokea hasa pale dukani. Katika uchunguzi wa maoni wa Umoja wa Ulaya, Eurobarometer, wa 2012, Waholanzi 90 kati ya kila 100 walisema wanaweza kuzungumza Kiingereza. Wasweden na Wadenmark walikuwa 86. Sababu zinajulikana. Filamu na vipindi vya nje vinaonyeshwa kwa sauti yake ya asili na maandishi chini, isipokuwa vya watoto wadogo, wakati Ujerumani huingiza sauti ya Kijerumani juu yake. Kiingereza ni somo la lazima katika mtihani wa mwisho wa sekondari. Na Uholanzi ni nchi ndogo ambayo kwa karne nyingi imekula kwa kuuza na kununua na wageni.

Muuzaji mwenye foleni hana muda wa kupima bidii yako. Anachagua njia fupi. Mwenzako wa ofisini anageuza lugha kwa sababu anadhani anakupunguzia mzigo. Wachache hugeuza kwa kuwa wanafurahia Kiingereza chao.

Ukiwatazama kwa makini, utaona vitu vitatu vinavyowafanya wageuze: kusita kwako kabla ya kujibu, kitenzi kilichokaa mahali pasipo pake, na irabu isiyo sahihi. Cha kwanza kina nguvu kuliko vyote. Yule mteja wa mkate hakukosea hata neno moja. Ulimi wake ulikuwa tayari, sikio halikuwa.

Sote tunapima lugha kwa mdomo. Tunauliza, "Watakubali kuzungumza nami?" Swali hilo linaacha thamani yote ya lugha mikononi mwa mtu mwingine, na nadhani ndilo limetupoteza.

## Siku ya tatu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kiingereza cha Uholanzi ni wali wa siku mbili za mwanzo. Ni ukarimu wa kweli, na kinatosha kabisa kwa mtu anayepita. Utafungua akaunti ya benki, utapanga chumba, utamwona daktari wa familia, utasoma shahada nzima ya uzamili.

Tatizo huanza unapobaki.

Chukua ofisi yenye Waholanzi watano na mgeni mmoja. Mkutano unafanyika kwa Kiingereza na kumbukumbu zinaandikwa kwa Kiingereza. Mkutano unakwisha, watu wanasimama kwenye mashine ya kahawa. Wawili wanaulizana kwa Kiholanzi nani anaacha kazi mwezi ujao na nani atachukua mradi wake. Hakuna aliyekuficha kitu. Wangeyasema yaleyale hata ukiwa umesimama kati yao, na mara nyingi umesimama kati yao kweli.

Hapa palikuwa na shaka moja iliyonisumbua kuliko zote. Ikiwa watu watano wanapenda Kiingereza zaidi wanapokuwa na mgeni, je, anayeng'ang'ania Kiholanzi kibovu hawi mzigo kwao? Kuna ukweli ndani yake. Kumsikiliza mtu anayetafuta maneno kunachosha, hasa saa kumi na moja jioni.

Lakini watano kuzungumza lugha ya pili kwa ajili ya mmoja pia kunachosha. Ndiyo maana chakula cha mchana kikianza kwa Kiingereza, dakika kumi baadaye kimerudi Kiholanzi chenyewe, bila mtu kuamua.

Waholanzi wana utaratibu wanaouita luistertaal, yaani lugha ya kusikiliza: kila mmoja anazungumza lugha anayoimudu na kuelewa ya mwenzake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht wameufanyia kazi kwa miaka. Wewe unasema Kiingereza, wao wanasema Kiholanzi, na mkutano unakwenda. Unachohitaji kuwaambia ni sentensi moja: "Praat maar Nederlands, ik versta het." Semeni tu Kiholanzi, naelewa.

Shaka yangu iliishia hapo. Anayeelewa Kiholanzi hamlazimishi mtu kitu. Anawapumzisha, na yeye mwenyewe haachwi nje. Faida hiyo haingoji ruhusa ya muuzaji wa mikate.

## Barua hazigeuzi lugha

Mtu akikuona unasita atabadili lugha. Barua haifanyi hivyo.

Mwanafunzi kutoka nje anayekuja na bima ya kimataifa hana neno, mpaka apate kazi ya muda mkahawani. Siku anapoanza kazi ya mshahara, kwa kawaida anawajibika kukata bima ya msingi ya afya ya Uholanzi, na ana miezi minne ya kufanya hivyo. Asipofanya, taasisi iitwayo CAK humwandikia. Tangu tarehe ya barua ana miezi mitatu, kisha inakuja faini. Barua hiyo ikikaa mezani kwa sababu ni ya Kiholanzi na inafanana na tangazo, fedha zinapotea.

Bahasha za bluu ni za Belastingdienst, mamlaka ya kodi. Uamuzi wa serikali usiokubaliana nao unaupinga kwa maandishi, kitendo kinachoitwa bezwaar, na kwa kawaida una wiki 6 tu. Maneno ya kutafuta kwanza katika barua yoyote ni haya: "uiterlijk" na "vóór", ambayo hutangulia tarehe ya mwisho, "betalen", kulipa, "terugbetalen", kurudisha, "besluit", uamuzi, "eigen risico", kiasi unacholipa mwenyewe kabla bima haijaanza, ambacho tangu 2016 kimekuwa euro 385 kwa mwaka.

Programu za kutafsiri kwenye simu zinasaidia sana hapa na sioni sababu ya kuona haya kuzitumia. Ila zinasaidia anayejua kwamba barua hii ndiyo ya kutafsiri.

## Nani aache

Kama umekuja kwa shahada ya uzamili ya miaka miwili inayofundishwa kwa Kiingereza, na tiketi ya kurudi Dar es Salaam, Nairobi au Kigali iko kwenye mipango, usijilazimishe kufika mbali. Jifunze salamu, namba, siku, na maneno ya barua niliyoyataja. Saa zilizobaki zipe tasnifu yako. Kijerumani kingekuwa jambo jingine, maana nje ya miji mikubwa ya Ujerumani Kiingereza hakikufikishi mbali.

Anayefuata mwenzi wake wa ndoa mara nyingi hana hiari. Raia wa nchi nyingi, zikiwemo zetu, hufanya mtihani wa awali kabla ya kusafiri, kwenye ubalozi wa Uholanzi: kuzungumza na kusoma kwa kiwango cha A1, ngazi ya chini kabisa katika vipimo vya lugha vya Ulaya vinavyopanda A1, A2, B1, B2 na kuendelea, pamoja na maarifa ya jamii ya Kiholanzi. Akishafika, sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2022 inaweka B1 kuwa lengo la kawaida la wanaowajibika kujifunza. Nesi au daktari aliyesomea nje ya Ulaya lazima athibitishe Kiholanzi chake kabla ya kuandikwa kwenye BIG, daftari la wataalamu wa afya, na bila daftari hilo hafanyi kazi ya taaluma yake.

Katikati yao wako wale ambao hakuna anayewalazimisha: wahandisi, watafiti, wataalamu wa kompyuta, wanaosema mwaka ujao wataamua kama wanabaki. Hao ndio ninaowafikiria zaidi. Miaka 5 hupita hivyo, na wengi hugundua kwamba walibaki bila kuamua.

## Hesabu ya saa

Taasisi inayofundisha wanadiplomasia wa Marekani lugha za kigeni huweka Kiholanzi, Kisweden, Kinorwe na Kidenmark katika kundi jepesi kuliko yote kwa anayejua Kiingereza: wiki 24 hadi 30 za darasa la kutwa. Kijerumani kiko kundi linalofuata, wiki 36, pamoja na Kiswahili chetu.

Sisi si wanadiplomasia wa kutwa darasani. Makadirio yangu kwa mtu aliyesoma kwa Kiingereza na anayefanya saa moja kila siku ya kazi ni kwamba A2 humchukua karibu mwaka, na B1 ya kusikia na kusoma mwaka mwingine au pungufu. Kozi ya jioni ya mara moja kwa wiki peke yake haifiki popote, kwa sababu kati ya somo na somo sikio linasahau.

Ningegawa saa hiyo hivi: dakika 40 za kusikiliza, 20 za kila kitu kingine. Chukua kipande cha dakika mbili au tatu cha NOS Jeugdjournaal, taarifa ya habari ya watoto. Kisikilize bila maandishi. Kisikilize tena ukiwa na maandishi ya Kiholanzi, ambayo kwenye televisheni hupatikana kwa ukurasa wa 888 wa teletext. Andika sentensi tatu ulizozikosa mara ya kwanza. Zisome kwa sauti mpaka kasi yako ikaribie ya mtangazaji. Kesho yake sikiliza kipande kilekile bila maandishi kabla ya kugusa kipya. Watu wengi huruka hatua hii ya kesho, nayo ndiyo inayofanya kazi.

## Pale tunapoteleza sisi

Vitabu vingi vya Kiholanzi vimeandikwa vikimfikiria msomaji wa Kiingereza. Mzungumzaji wa Kiswahili ana matatizo yake na pia ana mtaji wake.

Mtaji wa kwanza ni g. Wageni wengi huihofia, lakini anayetamka "kheri" na "Khamis" kwa kh ya koo tayari anayo ya kaskazini mwa Uholanzi. Ile ya kusini na ya Ubelgiji ni laini zaidi, na hakuna anayeiona kosa.

Mtaji wa pili ni ngeli. Kiholanzi kina "de" na "het", na takriban nomino tatu kati ya nne ni za "de". Sisi tumezoea kwamba jina halitembei bila ngeli yake, kwa hiyo jifunze "het huis", nyumba, usijifunze "huis" peke yake. Wingi wote ni "de". Majina yote ya udogo, yanayoishia na -je, ni "het". Ukisahau, kisia "de".

Irabu ndizo zinazotuangusha. Kiswahili kina tano, na urefu wake kwa kawaida haubadili neno. Kiholanzi kinatofautisha "man", mwanamume, na "maan", mwezi wa angani. "Zon", jua, na "zoon", mtoto wa kiume. A yetu iko karibu na ile ndefu, kwa hiyo "man" yetu husikika kama "maan". Ile fupi hutoka nyuma ya mdomo na hukatika mapema. Chukua jozi kumi za namna hii, jirekodi kwenye simu, kisha sikiliza kesho yake kama unaweza kujua ulisema lipi. Kwa "ui" ya "huis", anza na e iliyo wazi huku midomo imeviringwa kama ya o, kisha ibane midomo zaidi.

Namba zinasomwa kinyume. 64 ni "vierenzestig", nne na sitini, na sikio linalokimbilia neno la kwanza huandika 46. Zoezi lake ni kuandika kwa kusikia namba za simu, ambazo Waholanzi wengi huzitaja mbilimbili.

Muda nao una mtego. "Half acht" ni saa moja na nusu, maana inahesabu nusu ya kuielekea nane yao. Anayepitia Kiingereza cha Uingereza huelewa saa mbili na nusu na kufika saa nzima baadaye. Kwenye treni hilo ni usumbufu, kwenye miadi ya hospitali ni kuanza foleni upya.

Kisha kuna kitenzi. Katika sentensi ya kawaida hukaa nafasi ya pili hata ukianza na siku: "Morgen ga ik naar Delft", kesho naenda Delft. Ukiingiza "omdat", kwa sababu, kitenzi kinahamia mwisho: "omdat ik morgen naar Delft ga". Vitenzi vingine hukatika, na kipande cha mwisho ndicho chenye maana. "Hij komt morgen aan" ni kuwasili kesho. "Hij komt morgen langs" ni kupita kukusalimu kesho. Anayeacha kusikiliza katikati ya sentensi hana anachokijua bado. Ndiyo sababu nyingine ya kulitanguliza sikio.

## Kumzuia asigeuze

Dukani, usiandae sentensi yako tu. Andaa maswali yao, maana ni machache na hayabadiliki: "Gesneden?" ukatwe? "Anders nog iets?" kingine? "Tasje erbij?" na mfuko? "Pinnen?" unalipa kwa kadi? "Bonnetje mee?" unachukua risiti? Ukiyajua matano hayo, kusita kunaondoka na sababu kuu ya kugeuza inaondoka nayo.

Akigeuza, endelea kujibu kwa Kiholanzi kana kwamba hakuna kilichotokea. Wengi hurudi baada ya jibu la pili. Asiporudi, sema mara moja: "Mag het in het Nederlands? Ik ben aan het leren." Tunaweza kutumia Kiholanzi? Najifunza. Usiombe kwenye foleni ndefu. Omba kwa jirani, kwa mzazi mwenzako uwanjani, kwa mlinzi wa maktaba.

Maktaba nyingi za umma zina Taalcafé, meza ya mazungumzo na watu wa kujitolea ambao wamekuja kwa kazi hiyo hasa, kwa kawaida bila malipo. Wazee ni waalimu bora, kwa sababu wengi wao hawapendi Kiingereza kama watoto wao na hawana haraka. Huko kusita hakumsumbui mtu.

Ukitaka cheti, Staatsexamen NT2, mtihani wa serikali wa Kiholanzi kama lugha ya pili, ina ngazi mbili, Programma I kwa B1 na Programma II kwa B2, kila moja na sehemu nne zinazoweza kufanywa moja moja. Anza na kusoma na kusikiliza.

## Vuka mpaka

Ndugu zetu wa Kongo waliohamia Ubelgiji watashangazwa na makala hii yote. Aliyetoka Bukavu au Lubumbashi na Kiswahili na Kifaransa chake akahamia Antwerpen hukuta hali nyingine kabisa. Mpaka wa lugha ulichorwa kisheria mwanzoni mwa miaka ya 1960, na upande wa Flanders ofisi za umma hufanya kazi kwa Kiholanzi. Kifaransa, kinachotosha Liège na kusaidia Brussels, hapo kinaweza hata kupokelewa kwa ubaridi, kwa sababu za historia ndefu baina ya jamii zile mbili. Anayejitahidi Kiholanzi Gent au Antwerpen mara nyingi anaachwa aendelee nacho.

## Dakika kumi za mwalimu

Nimeacha mwisho jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, nalo linawahusu wenye watoto.

Mtoto wa Uholanzi akifika darasa la mwisho la shule ya msingi, groep 8, ana umri wa karibu miaka 12. Januari shule hutoa ushauri wa awali wa aina ya sekondari inayomfaa: vmbo ya miaka 4, havo ya miaka 5 au vwo ya miaka 6. Vwo ndiyo njia ya moja kwa moja ya chuo kikuu, havo huelekea vyuo vya taaluma. Karibu na Februari hufanyika mtihani uitwao doorstroomtoets. Matokeo yakiwa juu ya ushauri wa awali, shule kwa kawaida inatakiwa kuupandisha, na ikikataa lazima itoe sababu. Yakiwa chini, ushauri haushushwi. Ushauri wa mwisho hutoka Machi.

Haya yote huzungumzwa katika kikao kinachoitwa tienminutengesprek, mazungumzo ya dakika kumi. Mwalimu atazungumza Kiingereza ukimwomba, na atakuwa mpole. Lakini ripoti aliyonayo mezani ni ya Kiholanzi, miaka mingi ya maelezo kuhusu usomaji, hesabu, na "werkhouding", jinsi mtoto anavyojituma. Katika dakika hizo kumi atakufupishia kwa maneno ya Kiingereza aliyo nayo, na mtoto wako atakuwa ameketi pembeni, anaelewa pande zote mbili.

Omba ripoti siku kadhaa kabla, isome mwenyewe, weka alama penye "nog", bado, na "onvoldoende", haitoshi. Andika maswali mawili kwa Kiholanzi. La kwanza: "Waarom havo en geen vwo?" Kwa nini havo na si vwo? La pili: "Wat heeft ze nodig om hoger te komen?" Anahitaji nini ili apande? Akijibu kwa Kiingereza, mwache. Wewe ripoti umeshaisoma.